Gazeti Lilipoteza Tangazo Kabla ya Kumpoteza Msomaji

Hotuba kwa wanafunzi wa uandishi wa habari, Dar es Salaam

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Itifaki imezingatiwa, kwa hiyo naomba niingie moja kwa moja kwenye mada, maana mwenyekiti kanipa nusu saa na namfahamu vizuri, huwa haongezi dakika.

Walimu wenu wameniomba nizungumzie uchumi wa magazeti katika zama hizi za kidijitali. Habari za maadili, weledi na uhuru wa vyombo vya habari mmeshazisikia kwa wengine, na mtazisikia tena. Mimi sikukaa upande huo wa jengo. Miaka yangu yote ya gazetini nilikuwa idara ya matangazo, chumba ambacho waandishi hukipita bila hata kuchungulia, mpaka mshahara uchelewe. Hapo ndipo wanapokumbuka kuingia na kuuliza, "Vipi kaka, kuna tangazo?"

Leo ukimuuliza mtu yeyote barabarani nini kimeyaangusha magazeti, atakujibu: simu. Watu wanasoma habari kwenye simu, gazeti nani anunue? Jibu hilo si la uongo, ila ni nusu tu ya habari. Kwetu Afrika Mashariki, na hasa kwa magazeti ya Kiswahili, tangazo lilianza kuondoka msomaji akiwa bado yupo. Na sehemu kubwa ya tangazo hilo haikuchukuliwa na Facebook wala Google. Iliondoka kwa waraka, kwa kanuni, na kwa mifumo ya serikali yetu wenyewe. Ndiyo maana nataka tuzungumze sera kwanza, simu baadaye.

Tuanze na hesabu. Gazeti linauzwa shilingi 1,000. Ndani ya hiyo elfu moja kuna muuzaji wa mezani, kuna wakala wa wilaya, kuna gari lililotoka kiwandani saa sita usiku ili lifike Morogoro na Dodoma kabla watu hawajaenda kazini. Kuna karatasi, na karatasi ya gazeti tunainunua nje kwa dola. Jirani zetu Kenya walikuwa na kiwanda cha karatasi pale Webuye, Pan Paper, kikafungwa mwaka 2009. Kwa hiyo shilingi ikiyumba, gazeti linayumba nayo asubuhi ileile. Halafu kuna nakala ambazo hazikuuzwa. Zile zinarudi, na soko lake mnalijua: zinafungia vitumbua. Ukishatoa vyote hivyo, kinachobaki kwenye elfu moja ya msomaji mara nyingi hakifidii hata gharama ya kuchapa. Mshahara wa mhariri, nauli ya mwandishi kwenda Kilosa kufuatilia mgogoro wa ardhi, ada ya wakili pale mkubwa fulani anapotushtaki, vyote hivyo vilitoka kwenye tangazo.

Tangazo gani? Hapa ndipo watu wa nje wanapokosea. Wanadhani ni bia na mitandao ya simu. Hayo yalikuwepo, lakini bia na simu zilipenda zaidi redio, televisheni na mabango ya barabarani. Mkate wetu wa kila siku ulikuwa ule ukurasa ambao hakuna anayeusoma kwa starehe: nembo ya Taifa juu, "Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Ofisi ya Rais, TAMISEMI, Halmashauri ya Wilaya", halafu herufi ndogondogo. Zabuni ya kukusanya ushuru wa stendi. Zabuni ya kuendesha vyoo vya soko. Nafasi za kazi kwa watendaji wa vijiji. Mwito wa kufika mahakamani. Kupotea kwa hati ya kumiliki ardhi. Taarifa ya mirathi. Mnada wa nyumba aliyoshindwa kuikomboa mkopaji. Taarifa za fedha za mabenki kila robo mwaka, zimejaa tarakimu mpaka msanifu kurasa anaumwa macho.

Tulikuwa tunapima kwa safu na sentimita. Halmashauri inaleta zabuni ya maneno mengi, unaipanga safu tatu kwa sentimita ishirini na tano, unapiga hesabu, unatuma ankara. Mwaka wa fedha ukikaribia kufunga, mwezi Mei na Juni, idara za serikali zinakimbizana na bajeti zao na sisi tunaongeza kurasa. Mwandishi anaona gazeti limenenepa, anadhani ni kwa sababu habari zake ni nzuri. Hatukumkatisha tamaa.

Sasa angalieni kilichotokea. Nafasi za kazi serikalini zilihamia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira. Zabuni zikaanza kuhamia kwenye mfumo wa ununuzi wa serikali mtandaoni, TANePS, kisha mwaka 2023 ukaja mwingine, NeST, pamoja na Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma. Leo mzabuni aliyeko Namtumbo hahitaji kusubiri gazeti lifike. Anafungua mfumo, anaona zabuni, anaomba humohumo. Je, hilo ni baya? Hapana, na nitawashangaa mkiandika kwamba ni baya. Mimi nimekaa kwenye kile chumba. Najua kuna ofisi zilizokuwa zinatangaza zabuni kwenye kijigazeti kisichofika hata wilaya ya jirani, ili aombe yule aliyeshaambiwa. Mfumo wa wazi ni bora kuliko hilo. Mlipakodi ameokoa fedha, na kijana anayetafuta kazi ameokoa nauli ya kwenda mjini kusoma ubao.

Ninachosema ni kwamba hakuna aliyekaa mezani kupiga hesabu ya upande wa pili. Kwa miaka mingi taifa lilikuwa linagharamia uandishi wa habari bila kujua kwamba linaugharamia. Haikuandikwa popote kwamba ni ruzuku. Iliitwa tangazo la zabuni. Ilipoondolewa kwa sababu nzuri za ununuzi, ruzuku nayo ikaondoka kimyakimya, na wa kwanza kuona dalili alikuwa mwandishi wa mkoani ambaye malipo ya habari zake yalianza kuchelewa mwezi, kisha miezi. Mtu huyo ana watoto. Akialikwa kwenye semina na kupewa bahasha ya kaki, mnataka afanye nini? Mnafundishwa maadili hapa chuoni, na ni sawa mfundishwe. Lakini bahasha ya kaki ina uhusiano wa karibu sana na ule ukurasa wa herufi ndogondogo uliotoweka.

Kenya walipita njia nyingine, na nadhani njia yao inatufundisha zaidi. Mwaka 2015 serikali ya kule iliunda wakala wa matangazo ya serikali, ule unaoitwa GAA, ili wizara na mashirika yote yapitishe matangazo yao sehemu moja badala ya kila ofisi kununua kivyake. Kwenye karatasi ilikuwa kubana matumizi. Mwaka 2017 serikali ikaagiza taasisi zake ziache kutangaza kwenye magazeti ya kibiashara, na matangazo yakakusanywa kwenye jarida la serikali lenyewe, MyGov. Angalieni jinsi jambo lilivyobadilika sura. Zamani gazeti likimkera waziri mmoja, lilipoteza tangazo la wizara moja, na wizara nyingine ikaendelea. Ukishaweka matangazo yote kwenye dawati moja, gazeti likimkera mtu mmoja mwenye ufunguo wa dawati hilo, limepoteza yote. Machi 2024 ukatoka waraka mwingine, safari hii kwa redio na televisheni, ukielekeza matangazo ya serikali yaende KBC, shirika la umma. Mjadala wake ulifika mahakamani.

Sisi nasi tulikuwa na kifungu cha namna hiyo. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilimpa Mkurugenzi wa Idara ya Habari, MAELEZO, kazi ya kuratibu matangazo ya serikali. Yeye huyohuyo ndiye aliyekuwa na kazi ya kutoa leseni za magazeti. Tafakarini hilo kwa macho ya mfanyabiashara, acheni siasa: anayekupa kibali cha kufungua duka ndiye mteja wako mkubwa kuliko wote. Kifungu hicho kiliondolewa kwenye marekebisho ya mwaka 2023, na waliopigania marekebisho yale, wahariri na wanasheria, wanastahili shukrani zaidi ya walizopata. Siku ile magazeti mengi yaliweka ukurasa wa mbele vifungu vya adhabu, kwa sababu vinatisha na vinauza. Mimi nilitafuta hicho cha matangazo.

Kisha kuna deni. Januari 2023 Nape Nnauye, aliyekuwa waziri wa habari, alizindua kamati chini ya mwanahabari mkongwe Tido Mhando kutathmini hali ya uchumi wa vyombo vya habari, na suala la madeni ya taasisi za serikali likawa kwenye kila mdomo. Niwaeleze deni hilo linavyoishi, kwa kuwa vitabuni halimo. Taasisi inaleta tangazo saa kumi jioni, ni la dharura, lazima litoke kesho. Barua ya kuagiza ipo, mhuri upo. Linatoka. Ankara inapelekwa. Miezi mitatu baadaye mhasibu anasema ankara haionekani, lete nakala. Unapeleka nakala. Mwaka wa fedha unafungwa. Mhasibu anahamishwa. Mpya anasema deni hili ni la mwaka uliopita, lihakikiwe kwanza. Wakati huohuo gazeti limeshalipa kodi ya ongezeko la thamani kwa ankara ambayo halijalipwa, maana mamlaka ya mapato haisubiri mhasibu apatikane. Nimeshiriki vikao ambapo mhariri wa habari anauliza kwa upole, "Hii stori ya taasisi fulani tuitoe?" na mkubwa mmoja anajibu, "Wanatudai au tunawadai?" Tunawadai. Basi isubiri wiki hii, hundi iko njiani. Hakuna aliyepiga simu kutisha mtu. Hakuna aliyefungiwa. Stori ilisubiri, ikapoa, ikafa.

Sasa twende kwenye simu, maana najua mnaisubiri.

Kutoa habari bure hatukufundishwa na Marekani. Sisi tulianza zamani. Watu wamesimama kwenye meza za magazeti Kariakoo na Ubungo wakisoma kurasa za mbele tangu nikiwa kijana, na kuna wauzaji waliokodisha gazeti kwa bei ya karanga, unalisoma hapohapo unalirudisha likiwa limenyooka. Ikaja mitandao. Blogu ya Michuzi ilianza mwaka 2005, JamiiForums ikafuata, halafu picha za kurasa za mbele za magazeti yote zikawa zinawekwa mtandaoni alfajiri kabla gari letu halijafika Chalinze. Redio na televisheni nazo zikawa na kipindi cha kusoma magazeti, na watangazaji hodari walisoma mpaka habari yenyewe, aya kwa aya, kwa mbwembwe. Mwaka 2017 Dk. Harrison Mwakyembe, akiwa waziri wa habari, aliagiza wasome vichwa vya habari tu ili watu wakanunue gazeti. Nilimwelewa. Lakini kichwa cha habari cha gazeti la Kiswahili kimeshiba. Ukishasikia "Simba yaua, Yanga yatamba, kocha afunguka", umebakiza nini?

Siku hizi gazeti zima linapigwa PDF na kuzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp saa kumi na moja alfajiri. Wanaolizungusha ni watu wenye mishahara, mawakili, maofisa wa mabenki, hata wabunge. Masikini hana bando la kupakua kurasa 32. Ndugu zangu, hao ndio waliokuwa wanunuzi wetu.

Magazeti yakajibu kwa kufungua tovuti na kuweka kila kitu bure, yakiamini tangazo litafuata macho. Lilifuata kweli, ila liliishia kwingine. Tangazo la tovuti linauzwa kwa kila mara elfu moja linapoonekana, bei inapangwa kwa mnada unaoendeshwa na kompyuta, na Google yupo upande wa muuzaji, yupo upande wa mnunuzi, na soko lenyewe ni lake. Msomaji wa Tandale kwenye mnada huo thamani yake ni ndogo mno ukimlinganisha na msomaji wa Toronto. Marekani kwenyewe, ambako bei ni nzuri, mapato ya matangazo ya magazeti yalikuwa dola bilioni 49 mwaka 2005, na kufikia 2020 yalikuwa chini ya bilioni 10. Kama wao wameanguka hivyo, sisi tuliokuwa tunategemea senti tulitarajia nini? Na sasa injini za kutafuta zimeanza kumpa msomaji muhtasari uliotungwa na akili mnemba juu ya matokeo, kwa hiyo hata ile tovuti haitembelewi.

Juu ya hayo tukaongeza mzigo wa kwetu wenyewe. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mtu mwenye blogu alipie maombi, leseni na ada ya mwaka, jumla ikapita shilingi milioni 2. Ada zilipunguzwa baadaye, lakini vijana wengi walishafunga. Leseni nayo ni jambo la uchumi, si la siasa tu. Oktoba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilisimamisha kwa siku 30 leseni za maudhui ya mtandaoni za Mwananchi Communications, wachapishaji wa gazeti la Mwananchi. Wengi walijadili uhuru wa kutoa maoni, na ni haki yao. Mimi niliwaza mikataba. Mtu aliyelipia tangazo la mwezi mzima kwenye tovuti unamwambia nini? Na mwaka ujao atasaini tena, au atapeleka fedha Instagram, ambako ana hakika nafasi yake itaonekana? Kila hatari tunayoiongeza kwenye vyombo vya ndani ni zawadi kwa kampuni za nje, ambazo hazina ofisi hapa wala hazimlipi mwandishi yeyote wa Kilosa.

Nchi nyingine zimejaribu kuzibana kampuni hizo zilipe. Australia ilitunga sheria mwaka 2021. Facebook ikafunga habari zote nchini kule kwa siku kadhaa, kisha ikakaa mezani. Kanada ikafuata mwaka 2023. Google ikakubali kutoa dola milioni 100 za Kanada kwa mwaka, lakini Meta, mmiliki wa Facebook na Instagram, ikaondoa habari kwenye mitandao hiyo kule tangu Agosti mwaka huo. Kwangu mimi mfano wa karibu zaidi ni Afrika Kusini. Tume yao ya Ushindani ilichunguza suala hili kwa miaka 2, ikaita watu, ikapekua hesabu, na Novemba 2025 ikatoa ripoti yenye kifurushi cha Google cha randi milioni 688 kwa miaka 5. Si fedha nyingi ukilinganisha na kilichopotea. Lakini zilipatikana kwa sababu tume ilikuwa na takwimu. Sisi tukienda kwenye meza hiyo leo, tutaonyesha nini? Idadi ya nakala zinazouzwa ni siri ya kila kampuni, na nyingine zinatiwa chumvi ili kumvutia mtangazaji. Nimewahi kuiona chumvi hiyo ikitiwa.

Kodi tunayo. Tanzania inatoza asilimia 2 kwa huduma za kidijitali za kampuni za nje tangu Julai 2022. Kenya ilianza na asilimia 1.5 mwaka 2021, kisha ikaibadilisha mwishoni mwa 2024. Fedha hizo zinaingia mfuko mkuu na kuishia kwenye barabara na zahanati, sawa. Hakuna aliyeuliza kama sehemu yake ndogo ingeweza kurudi kwa wanaoandika habari ambazo kampuni hizo zinauzia matangazo. Mkiuliza, naomba muulize kwa tahadhari: ukiwa mfuko chini ya waziri, tumerudi kwenye dawati lile moja.

Na msomaji? Mimi bado namwamini, na wenzangu wananicheka. Nation ya Kenya iliweka malipo kwenye tovuti yake Februari 2021. Hapa kwetu kulikuwa na M-Paper, iliyouza magazeti kwa simu na kulipwa kwa M-Pesa. Tatizo ninaloliona ni kwamba tunaiga New York Times, tunataka mtu ajiunge kwa mwezi au mwaka. Mtanzania hanunui hivyo. Bando ananunua la siku, umeme ananunua wa elfu mbili. Gazeti nalo alilinunua siku ambayo lilikuwa na jambo lake: Jumatatu baada ya watani wa jadi kukutana, siku ya matokeo ya kidato cha nne, siku bajeti imesomwa. Muuzie siku hiyo. Bonyeza nambari chache, shilingi mia mbili, fungua. Mitandao ya simu ione aibu, ipunguze makato yake kwa malipo madogo kama hayo, maana leo ukimtoza msomaji mia mbili, ada na tozo zinaweza kula sehemu nzito. Hili linahitaji kikao kati ya wamiliki wa magazeti, Benki Kuu na kampuni za simu, na hawajawahi kulikalia kwa dhati.

Nyinyi mtakaoandika, nina ombi moja ambalo mnaweza kulianza hata kabla hamjahitimu. Kila robo mwaka, ulizeni kila wizara, kila halmashauri na kila shirika la umma: mmetangaza wapi, kwa shilingi ngapi, na mnadaiwa na nani? Hizo ni fedha za umma, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ipo tangu mwaka 2016. Chapisheni orodha nzima, jina la chombo na kiasi, kikiwemo chombo kitakachowaajiri. Mtakataliwa, mtazungushwa, mtaambiwa mhasibu kahamishwa. Andikeni na hilo, pamoja na tarehe mliyoambiwa.

Asanteni sana. Mwenyekiti ananionyesha saa. Nipo tayari kwa maswali.